Kutoka Makambako hadi Kilwa: Msafiri Hulala Wapi?



Mtu asiyepata kulala Makambako katika mwezi wa Juni hajaujua upepo. Huanza baada ya Alasiri, ukapiga mabati ya mapaa, ukapenya chini ya milango, na ifikapo Ishaa hata safu ya kwanza msikitini huwa na watu waliojifunika makoti juu ya kanzu. Njombe mjini, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu, baridi ni kali zaidi. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri nyingine mashamba ya viazi huamka yakiwa meupe kwa sakitu. Ni katika majira hayo, siku ya Idi el-Hajj ya mwaka 1446 Hijria, ambapo mama yangu mzazi alinyoosha miguu yake mbele ya jiko la mkaa akaniambia: "Mwanangu, magoti haya yanataka bahari."

Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Marehemu baba alipopata kazi katika reli ya TAZARA, yeye akamfuata hadi Makambako, akazaa, akalea, akazika. Kwao alirudi mara ya mwisho mwaka 1998, kwa msiba wa kaka yake. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili wakati huo, na ninachokumbuka ni harufu tu ya samaki wa kukaushwa na mchanga ulioingia katika viatu.

Nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu. Tulikuwa watu sita: mama, sisi wawili na watoto watatu, mkubwa akiwa binti wa miaka 11. Nyumba za wageni kwa watu sita maana yake ni vyumba viwili au vitatu kila usiku, na mshahara wa mwalimu wa madrasa unaojazilizwa na duka la vifaa vya shule haulibebi hilo. Shemeji yangu ana Toyota Hiace inayobeba abiria kati ya Makambako na Njombe. Akatuazima kwa wiki mbili kwa sharti la kuirudisha ikiwa na matairi yale yale. Tukaondoa viti vya nyuma, tukapanga mbao juu ya makreti, tukatandika magodoro mawili. Wenzetu wa Ulaya wanayo magari yaliyoundwa maalumu kwa kazi hiyo, yenye kitanda, jiko na hata choo, na mwanzoni mwa machipuko, kabla watalii hawajajaa, familia nyingine huzunguka nayo pwani ya Ugiriki wakihama ufukwe hadi ufukwe. Gari letu sisi lilikuwa na kioo kimoja kisichofunga na maandishi ya "Subira" kwenye kioo cha nyuma. Mke wangu alisema maandishi hayo yalikuwa ni maelezo ya injini.

Kwa familia zitakazopenda kujaribu safari ya namna hii, nitaje machache niliyojifunza. Chukueni chandarua kikubwa, kwa sababu Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, na watoto wetu wa nyanda za juu hawana mazoea ya mbu wa Lindi na Mtwara. Madumu mawili ya maji ya lita 20 yanatosha familia kwa siku moja ya kupika na kutawadha, kama hakuna anayechezea. Mtungi mdogo wa gesi upikieni nje. Na jiko la mkaa, ambalo sisi watu wa baridi tumezoea kuliingiza chumbani, kamwe lisiingizwe ndani ya gari ambalo watu wamelala. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Hatujafika hata Njombe, binti yetu akaniuliza kama Adhuhuri tutaisali rakaa mbili. Nikamweleza kama nilivyosomeshwa chuoni: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kinachoangaliwa ni umbali wa kule unakokusudia kufika, ambao wanazuoni wengi wa zama zetu wanaukadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Aendaye Njombe peke yake kutokea Makambako, takriban kilomita 60, hapunguzi. Bali aliyekusudia Songea na zaidi ya Songea, akishatoka tu katika nyumba za mwisho za mji wake, tayari ni msafiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo tulikuwa wasafiri tangu kwenye daraja la reli." Nikasema ndiyo. Neno hilo "msafiri" likampendeza, akalirudia njia nzima kama cheo alichopewa.

Barabara ya Makambako hadi Songea ni nzuri na ni ya hatari. Baada ya Njombe unapita mashamba ya chai, misitu ya misindano na miwati, na siku hizi maparachichi kila upande. Kisha nchi inaanza kuporomoka. Milima ya Lukumburu ina kona ambazo madereva wa malori wanazijua kwa majina ya wenzao waliofia pale. Tuliteremka kwa gia ya pili, mama akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Tulipofika Madaba mke wangu akavua sweta, na tulipofika Songea watoto wakavua soksi.

Songea tulipita Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa machifu na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nilitaka watoto wapaone kabla hatujafika Kilwa, kwa sababu vita vile vilianzia katika vilima vya Wamatumbi, karibu na Kilwa, mwaka 1905, na vikapanda hadi huku kwetu. Tungekuwa tunakwenda kule moto ulikotokea.

Usiku wa kwanza ulitukuta njiani, katika mji ambao sina haja ya kuutaja. Tulisali Magharibi na Ishaa pamoja katika msikiti mzuri wenye uwanja mpana, nikamwendea mlinzi, nikajitambulisha kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti kule Makambako, nikaomba tuegeshe gari ndani ya ua hadi alfajiri. Hakuniambia neno baya. Alinyoosha kidole ukutani, palipobandikwa karatasi iliyotiwa nailoni: Ni marufuku kulala katika eneo la msikiti. Kwa amri ya kamati. Akasema, "Ustadhi, hata mimi naona haya, lakini wameandika." Tukatoka, naye akafunga geti. Tulilala kwenye sheli, kati ya lori la makaa ya mawe na lori la saruji, na kijana anayejaza mafuta, ambaye hakuwa Muislamu, akamfungulia mama choo cha wafanyakazi usiku wa manane.

Sikulala vizuri, wala sababu haikuwa malori.

Kutoka Songea hadi Tunduru ni zaidi ya kilomita 260, na nakumbuka wazee waliokuwa wakieleza kuwa zamani, kabla ya lami, safari hiyo ilikula siku mbili wakati wa mvua. Sasa ni lami tupu. Miombo mirefu, vijiji vichache, vibao vya kutahadharisha tembo. Baada ya Namtumbo ukaja mji ambao kwa watoto wangu ulikuwa ni ajabu kuliko tembo. Watoto wa Kiislamu wa Makambako na Njombe wanakua wakiwa wachache. Darasani wanakuwa watatu au wanne. Ramadhani wenzao wanawauliza kama hawatakufa kwa kiu. Hatuna ugomvi na majirani zetu, na wao huja kula biriani ya Idi kuliko hata sisi wenyewe. Lakini mtoto aliyezoea kuwa mgeni hudhani dini yake ndiyo ngeni. Tulipoingia Tunduru saa ya Alasiri, adhana ikatoka upande huu, ikajibiwa na upande ule, na wasichana wa shule wakapita kwa makundi wakiwa na mitandio, na wanaume wamekaa barazani na barakashia zao wakicheza bao. Mtoto wetu wa katikati akauliza kwa mshangao wa kweli: "Baba, hawa wote ni wa kwetu?"

Sikuomba kulala msikitini. Niliogopa kuonyeshwa karatasi nyingine. Niliegesha gari nje ya ukuta wa msikiti mmoja mdogo, nikidhani tutakaa kimya. Baada ya Ishaa muadhini, mzee wa Kiyao mwenye fimbo, akaja akagonga kioo. Nilianza kujitetea. Yeye alikuwa amekuja kuuliza kwa nini mama mzee yumo garini wakati chumba cha madrasa kipo. Akatufungulia, akaleta mikeka, akamtuma mjukuu wake na ndoo mbili za maji, na baada ya muda bibi yake akaja na uji wa mtama na mihogo ya kuchemsha. Chumba kile hakikuwa na kitu cha kujivunia: sakafu ya saruji iliyopasuka, ubao wenye herufi za alif na ba, dirisha lenye wavu. Lakini kulikuwa na choo cha wanawake chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mke wangu ananiagiza niliandike hilo kwa sababu wanaume wanaoandika habari za misikiti hawaliandiki.

Tulikaa na yule mzee barazani. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza habari za Makambako, akasema aliwahi kupita akiwa kijana, akielekea Mbeya kutafuta kazi, na anakumbuka kwamba ni njia panda, malori hayaishi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya viazi: "Na kwenu pale, mwanangu, msafiri hulala wapi?"

Nilimwambia kuwa tuna mipango.

Ndugu msomaji, hatukuwa na mipango. Tulikuwa na karatasi iliyotiwa nailoni, na niliyeiandika ni mimi, kwa mwandiko wa kompyuta, na chini yake jina la cheo changu. Sababu ilikuwapo. Miaka miwili kabla ya hapo mtu aliyejiita msafiri alilala msikitini kwetu akaondoka na amplifaya na pea nane za viatu. Kamati ikakasirika, na hasira ya kamati huishia kwa katibu kuandika tangazo. Wala sikusahau kitabuni tulisoma nini. Katika aina nane za wanaostahiki zaka zilizotajwa katika Suratut-Tawba, ya mwisho ni msafiri aliyekatikiwa na njia. Ahlus-Suffa, masahaba mafukara, walikuwa wakiishi katika msikiti wa Mtume (SAW). Abdullah bin Umar (RA) alikuwa akilala humo katika ujana wake kabla hajaoa. Haya nimeyasomesha. Na katika daftari letu la zaka, ambalo mimi ndiye ninayelijaza, kuna safu ya msafiri, na kila mwaka nimeiwekea kistari.

Tena kuna usiku mmoja wa Julai. Basi liliharibika karibu na stendi, na mume na mke wenye mtoto mchanga wakaja msikitini kwetu. Mlinzi akawaonyesha karatasi. Nilipata habari zao alfajiri, walipokwisha ondoka. Waliokesha nao stendi walisema mama yule alimfunga mtoto tumboni chini ya nguo zake hadi kulipokucha. Nilisikitika, nikasoma dua, nikaendelea na shughuli. Ilinichukua uji wa mtama wa mtu mwingine kunifanya nirudi kwenye jambo lile.

Masasi tulipita mchana tukanunua korosho. Ndanda tulijaza maji. Kutoka hapo barabara inateremka taratibu, minazi inaanza kuonekana mmoja mmoja, na joto linakuwa na unyevu. Mama alikuwa amekaa mbele, ameegemea dirisha. Kabla sisi hatujaona chochote alisema, "Simamisha gari." Nikadhani anaumwa. Akasema, "Nimeisikia." Alikuwa na maana ya harufu. Bahari tuliiona dakika kadhaa baadaye, ghuba ya Lindi ikimeta kati ya mikoko, na mtoto wetu mdogo akauliza nani ameimwaga.

Lindi tulilala ufukweni ndani ya gari, chandarua kikiwa kimefungwa kwenye mlango wa nyuma uliofunguliwa. Huo ndio usiku pekee uliofanana na yale ya Ugiriki. Mwezi wa Juni mvua za kusini zimekwisha, upepo wa kusi unavuma, usiku kuna ubaridi mzuri wa shuka moja, na wageni ni wachache. Asubuhi mvuvi mmoja alituuzia pweza, akamfundisha mke wangu kumpiga juu ya jiwe hadi alainike. Kwetu Makambako nyama haipigwi.

Kilwa Kivinje ilimpokea mama kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mji umechakaa. Nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi zimepasuka, miti imeota ndani ya madirisha, boma la Wajerumani linatazama bahari likiwa limechoka. Mama alikuwa akitembea polepole akisema majina ya watu mbele ya milango, na watu wa milango hiyo wengi wao wamekwisha kufa. Lakini binti wa mama yake mdogo alikuwapo, kipofu wa jicho moja, akiuza vitumbua. Alimtambua kwa sauti. Wakashikana mikono kwa muda mrefu, na mimi nikawapeleka watoto pwani.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wetu wa fiqhi. Tulinuia kukaa siku tatu, na kwa madhehebu yetu aliyenuia kukaa chini ya siku nne kamili bado anapunguza sala. Nikamweleza mama kuwa, kwa vile makazi yake ni Makambako, Adhuhuri yake ni rakaa mbili. Akanitazama kama anavyomtazama muuza duka anayempunja. "Wewe ni msafiri," akasema. "Mimi nipo kwetu." Akasali nne. Nilifungua mdomo kumtolea dalili, mke wangu akanikanyaga. Nikaenda msikitini, na kwa kuwa msafiri anayesali nyuma ya imamu mkaazi huwa inamlazimu kutimiza, nami nikasali nne. Nilipowaambia nyumbani, mama alicheka hadi akashika ubavu.

Kivinje si mahali pa kucheka tu, na nisingependa kuwaficha wasomaji wala watoto wangu. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Watu wa bara waliletwa hapa wamefungwa minyororo, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na kwingineko. Njia yetu ya lami, Songea, Tunduru na kuendelea, inakwenda upande ule ule misafara ile ilikokwenda. Wanaokumbukwa hapa kwa kupambana na Wajerumani, kama Hassan bin Omari Makunganya aliyenyongwa mwaka 1895, walikuwa mashujaa kwa jambo moja na wafanyabiashara ya watumwa kwa jambo jingine. Dini yetu ilipanda bara kwa njia hizo hizo, mikononi mwa masheikh na mikononi mwa wachuuzi. Binti yangu aliuliza kama waliokuwa wakiwafunga watu walikuwa wakisali. Nikamjibu ndiyo, walikuwa wakisali. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Siku iliyofuata tulikwenda Kilwa Masoko, tukalipia kibali, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Mama alibaki na ndugu yake. Magofu ya kisiwa hiki, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981; mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, na baada ya kukarabatiwa yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Kuna jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane, kuna Makutani, kuna Gereza ambamo Wareno walijenga ngome walipouteka mji mwaka 1505. Nitaviruka hivyo niseme habari ya msikiti.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi, na ile kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Unaingia chini ya matao, nguzo baada ya nguzo, kuba ndogo ndogo juu yako, na sehemu nyingine hakuna paa ila mbingu. Mihrabu inatazama kaskazini, karibu kaskazini kamili. Kilwa na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na ushei mashariki, na mtu anayesali Kilwa anatazama moja kwa moja juu ya ramani. Watoto walipenda zaidi habari ya sarafu: mwaka 1944 sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa katika kisiwa kilichoko kaskazini mwa Australia, na hadi leo namna zilivyofika huko ni mjadala.

Tukakaa chini ya tao moja, nikawasimulia habari za Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja, Moroko, aliyefika hapa mwaka 1331 katika zama za sultani huyo huyo. Alianzia Aden, akapita Mogadishu, na huko kadhi akampeleka katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya kuwakaribisha wanafunzi wa elimu. Akalala Mombasa, akaona kuwa milangoni mwa misikiti kuna visima na vyombo vya kuchotea maji ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Ndipo akafika Kilwa. Sultani alikuwa akiitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Siku moja alipotoka kuswali Ijumaa, fakiri wa Kiyemeni akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na baba mtu alipoona watu wanasifu akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilikuwa nimeisimulia hadithi hii darasani mara nyingi, na siku zote nilikuwa nikiishia kwenye nguo. Binti yangu, ambaye jana yake alikuwa Kivinje, akaniuliza: "Na wale watumwa walisema nini?" Ibn Battuta hakuandika. Nami sijawahi tena kuisimulia hadithi ile nikiikata katikati.

Lakini kuna kipande cha mwisho ambacho wengi hatukisomi. Sultani yule alipokufa, akatawala ndugu yake, Daud, aliyekuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia, alijibiwa kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni pake miezi mingi wakapata kidogo, mpaka watu wakaacha kuja. Nilipofika hapo nikaona mke wangu ananitazama. Yeye ndiye aliyeichapa ile karatasi, kwa sababu kompyuta ni ya dukani kwetu.

Kurudi tulipita Nangurukuru na Somanga, ambako Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata barabara, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukalala kwa jamaa Dar es Salaam, kisha Morogoro, Mikumi na Kitonga. Jumla takriban kilomita 2,000. Mama alikuja amebeba chupa ya maji ya bahari kwa ajili ya magoti. Matairi yalikuwa yale yale.

Kikao cha kamati kilikuwa Jumapili iliyofuata. Niliomba ajenda moja iongezwe. Mhazini akauliza swali la haki kabisa: "Na amplifaya?" Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Mzee mmoja alisema njia panda si kijiji, wapitao ni maelfu, na alisema kweli. Imamu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa nyuma ya madrasa kuna chumba tunachohifadhia saruji, kina mlango wake wa nje, na msikiti wenyewe unaweza kubaki umefungwa usiku kama kawaida. Mjadala wa choo cha wanawake ulichukua nusu saa, mpaka mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa ameketi nyuma, akasema akina mama watakijenga kama wanaume watatoa tofali. Tukakubaliana majaribio ya miezi mitatu: msafiri aonane na mlinzi, aonyeshe kitambulisho, alale usiku mmoja. Wawili walipinga na imeandikwa hivyo katika muhtasari. Karatasi niliibandua mwenyewe, nailoni ikaondoka na rangi ya ukuta.

Katika daftari la zaka, safu ya msafiri sasa ina mstari mmoja: mablanketi 4, magodoro 2. Mgeni wa kwanza alikuja usiku wa upepo mkali, kijana utingo wa lori lililokatika ekseli likielekea Tunduma. Alisali nasi Ishaa, akalala, akaondoka kabla ya jua kuchomoza, blanketi limekunjwa juu ya godoro. Nilikwenda kumweleza mama kwa furaha. Alikuwa mbele ya jiko, miguu ameinyoosha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Uji mlimpa?"

Tulikuwa hatujampa.